Nilimfuta Bi Mize kwa Kukosa Chanzo

Kosa ni langu. Sikushawishiwa na mtu, sikuponzwa na mume wala na shetani. Nilikaa kitako kwenye kiti changu, chai pembeni, nikabonyeza kitufe, na nilipomaliza nikajisifu kwamba nimesafisha. Nimekaa na jambo hili moyoni mpaka limenichosha, na leo nalitoa hapa kwa kuwa hamnijui nami siwajui.

Majina nimebadilisha. Shoga yangu nitamwita Zuwena, na mama yake nitamwita Bi Mize. Langu halina kazi.

Mimi ni mtu wa Ng'ambo, mtaa wa mjini hapa kisiwani kwetu, kuzaliwa na kukulia. Kazi yangu iko Malindi, hapa hapa mjini, ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini, na ni kazi ya makaratasi matupu. Mtu anaweza kuuona mzigo wake kwa macho, una jina lake ubavuni, lakini kama hana hati hautoki. Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya meza yangu na sikuwatolea. Kazi hiyo imeniingia mwilini, na nadhani ndiyo iliyonipa ugumu niliokuja kumfanyia Zuwena.

Nje ya kazi nilikuwa na mapenzi yangu. Nilikuwa naandika bure kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuandika na kila mtu anaruhusiwa kukusahihisha. Makala yangu ya mwanzo ilikuwa juu ya babu yangu, mshona kofia ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimjua. Niliiandika nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Nilipoamka ilikuwa imeshafutwa. Mtu nisiyemjua alikuwa ameacha maneno mawili: hakuna chanzo. Yaani hakuna kitabu wala gazeti lililowahi kumwandika babu yangu.

Jamani, niliumia! Mtu mwenye akili angeondoka zake. Mimi nikabaki, nikazisoma kanuni zao zote, nikawa mkali kuliko yule aliyenifuta. Nikawa nafuta ya wenzangu kwa maneno yale yale, na kila nikifuta nasikia kama nimelipa kisasi.

Niwe mkweli, kule kanuni ile ni ya haki. Ensaiklopidia inaeleza mambo ya dunia. Ukisema jengo hili alilijenga fulani, au majani haya yanatibu ugonjwa fulani, lazima uoneshe umeyatoa wapi, la sivyo kila mmoja atajaza sifa za ukoo wake. Babu yangu simlilii tena kwa hilo. Balaa ni kwamba niliichukua kanuni ile nikaihamishia kwenye kamusi, na wala sikujiuliza kama itakaa.

Zuwena nilisoma naye sekondari, dawati moja. Ni mwalimu sasa, na kwao ni kijiji cha kusini mwa kisiwa chetu, ambako wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani. Yanakaa humo miezi mpaka yalainike, kisha hufukuliwa, yakapondwa, yakatoka nyuzi za usumba za kusokotea kamba. Kazi ile ina maneno yake, na ukiwa mtu wa mjini kama mimi hulijui hata moja.

Yeye ndiye aliyekuja na habari ya kamusi. Alikuta watu wa Bara, wa Pwani ya Kenya na wa kwetu wameanzisha kamusi ya Kiswahili mtandaoni, ya kujengwa na wote, bure, na mtu akitaka anaweza kuliingiza neno kwa sauti yake mwenyewe. Akanivuta. Kwa kuwa nilishazoea kazi za namna hiyo, haikupita muda nikafanywa msimamizi. Nikapewa uwezo wa kukubali neno, kulifuta, na kuwafundisha wasimamizi wapya. Zuwena alinipongeza kwa furaha kabisa. Alikuja na visheti.

Sasa Bi Mize. Msije mkafikiri ni bibi mpole wa kukaa kimya akisubiri kuulizwa. Alikuwa mkorofi wa mdomo, mwenye utani wa kumkera imamu, na akipenda sana simu. Zuwena alimwonesha pa kubonyeza, basi ikawa kila akipita uani anasema neno. Simu yenyewe ilikuwa ndogo na imejaa, kwa hiyo sauti zilikuwa zikienda moja kwa moja kwenye kamusi. Kwenye simu hakikubaki kitu.

Kulikuwa na neno moja la makumbi yaliyofukuliwa kabla ya wakati wake. Hayajaiva, hayapondeki, lazima yarudishwe topeni. Bi Mize alilieleza vizuri, halafu akaongeza kwa sauti ile yake ya kukwaruza: "Kama mume wangu wa mwanzo. Nlimrejesha kwa mamaake akamalizie." Akacheka mpaka akakohoa. Nyuma yake kuku wanasikika, na mtu anapiga hodi, na Bi Mize katikati ya maelezo anamwitikia karibu, pita, nazungumza na kompyuta.

Neno lenyewe silitaji. Mkilitafuta mtanipata.

Watu waliipenda sauti ile kupita kiasi. Walituandikia kutoka mbali, wengine wakasema wanaisikiliza wakiwa na huzuni. Walimshukuru Bi Mize, walimshukuru Zuwena. Mimi niliyekuwa nakesha kupanga maana, kusahihisha herufi, kuweka mifano, hakuna aliyenikumbuka hata kwa salamu. Hili sijawahi kumwambia mtu: nilimwonea wivu ajuza. Nilimwonea wivu kwa sababu yeye alisema tu akapendwa, na babu yangu mimi nilimwandika kwa adabu zote akafutwa.

Basi nikatunga kanuni. Niliivisha nguo nzuri, nikaandika kwamba kamusi yetu haitaheshimika kama haitakuwa na ushahidi, na kwamba neno lolote lisilo na chanzo kilichochapishwa litaondolewa. Wenzangu walikubali. Nani angekataa? Ilisikika kama maneno ya mtu anayejua kazi.

Zuwena alikuja kwangu jioni ile ile. Hakukubali hata kuvua mtandio. Alikaa barazani akaniuliza kama mama yake naye ataondolewa, nikamjibu kwamba kanuni haichagui mtu.

"Yaani mamaangu si chanzo?"

"Si mie nnayesema. Kanuni ndo inavosema."

"Kanuni kaiandika nani?"

Alikuwa anajua ni mimi. Akaangalia rafu yangu ya vitabu kupitia dirishani, akanionesha kwa kidole ile kamusi nene ya zamani niliyokuwa najivunia.

"Na huyo alokiandika kitabu kile, kamuuliza nani? Si kakaa kitako na watu kama mamaangu, wakamwambia?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nikasema yeye kachapishwa. Naikumbuka mpaka sura niliyoiweka nilipolisema.

Zuwena alinitazama, halafu akacheka kidogo, akasema basi nimpe muda atafute chanzo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maneno ya mama yake nimeyaweka pembeni tu, siku akipata chanzo yatarudi. Tukaagana vizuri.

Sikuyaweka pembeni. Yalikuwa yameshafutwa tangu asubuhi.

Nieleze, maana hapa ndipo penye uovu. Kwenye kazi hizi ukifuta ukurasa, kwa kawaida msimamizi anaweza kuurudisha. Lakini kwa sauti tulikuwa na njia ya pili, ya kuondoa moja kwa moja ili kupunguza mzigo, na ukipita njia hiyo hakuna kurudi. Ungeniuliza wakati ule ningesema nafanya kwa ajili ya nafasi. Uongo mtupu. Nafasi ilikuwepo. Nilipita njia ya pili kwa sababu nilijua nikiziacha, watu watadai zirudishwe na zitarudishwa. Kwenye kisanduku cha sababu nikaandika: mzungumzaji si chanzo.

Lile neno la makumbi mabichi sikuliondoa, maana lilikuwemo kwenye kamusi yangu nene. Lilikuwemo kwa maana nyingine. Mwandishi alisema ni kamba mbovu isiyobeba kitu, na ukilitazama vizuri utaona alisikia habari ya usumba kwa mbali akamalizia mwenyewe. Nilijua kwamba Bi Mize ndiye aliyekuwa sahihi. Mwanamke aliyezama topeni mpaka magotini maisha yake yote atakosea jina la kitu alichokishika mkononi? Nilijua, na bado nikaweka maana ya kitabu, nikaipa tiki ya kijani ya kuwa imethibitishwa, na chini yake likatokea jina langu.

Maisha yakaendelea. Zuwena alipungua kwenye kamusi, lakini ushoga haukuvunjika. Tulisuguana visigino harusi zikikaribia, tulipelekeana futari mwezi wa Ramadhani. Mara mojamoja alikuwa akiniambia bado anatafuta chanzo, amemuuliza mtu fulani wa chuo, amepekua maktaba. Namwitikia vizuri, eti Inshallah utapata. Alikuwa anatafuta karatasi ya kutolea mzigo niliokwisha kuutia moto.

Kisha Bi Mize akapigwa na kiharusi. Ulimi wake ukawa mzito, akawa hatamki kitu kikaeleweka. Nilikwenda kumtazama. Alinishika mkono, akasema jambo refu huku akicheka upande mmoja wa uso, na hakuna aliyeambulia hata neno. Hata hapo sikusema. Haikuchukua muda mrefu akafariki.

Msibani nilifanya kazi kama mtoto wa nyumba ile. Nilimenya vitunguu, nilikosha masufuria, niliwapokea wageni. Watu wakawa wananisifu, wanasema shoga ndiye huyo. Siku ya hitma, watu walipotawanyika, Zuwena akaja kukaa karibu yangu jikoni.

"Zile sauti za mama ulizoziweka pembeni," akasema, "nirejeshee. Kwenye kamusi sizitaki tena, msiniwekee. Nnataka wanangu wamsikie alipokuwa anasema."

Yarabi, ningekuwa na mji pale wa kuhamia ningehama. Nikamwambia kumetokea hitilafu, mtambo umezipoteza, hata sisi wasimamizi tumesikitika. Aliniamini. Akanipangusa machozi yangu kwa upande wa kanga yake, yeye ndiye mfiwa.

Zuwena si mtu wa kukata tamaa. Alisema vitu vya kompyuta havipotei, mafundi wapo. Akaanza kuwazungukia, na mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza, kwa sababu mimi ndiye mjuzi wa kamusi. Tulikwenda kwa huyu, tukaelekezwa kwa yule. Mafundi walifungua simu ya marehemu, wakasema ni tupu. Kila tukitoka anasema huyu hajui kazi, tutampata anayejua. Mimi naitikia kwa kichwa.

Wa mwisho alikuwa Mwanakwerekwe, kwenye kibanda nyuma ya soko. Zuwena alinipa mkoba wake nimshikie ili atoe simu na chaja na vikorokoro vyake. Fundi alisikiliza kisa chote kwa utulivu, akauliza mambo mawili matatu kuhusu ile kamusi, kisha akasema simu haina kosa, tunahangaika bure. Vitu vilikuwa kule, na kule havikupotea. Hitilafu haichagui bibi mmoja ikaacha wengine wote. Kuna mtu kaziondoa kwa mkono wake, na wasimamizi wakitaka watamjua ni nani.

Zuwena akanigeukia. Wallahi hakuwa na shaka na mimi hata chembe. Alinigeukia kama mgonjwa anavyomgeukia daktari.

"Si weye msimamizi? Nani huyo?"

Ningeweza kusema nitaangalia. Ulimi ulikuwa umeshazoea. Sijui kilichonipata, labda ni vile nilivyokuwa nimekumbatia mkoba wake mapajani, nikatazama mikono yangu nikasema, "Ni mie."

Fundi akajitia kutafuta bisibisi. Nikaeleza yote pale pale, kanuni, wivu, njia ya pili, kila kitu, hovyohovyo, naanza katikati narudi mwanzo. Zuwena alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nangoja anitukane. Nilikuwa natamani anitukane.

Akanyoosha mkono.

"Nipe mkoba wangu," akasema.

Nikampa. Akakusanya vitu vyake, akamshukuru fundi, akatoka. Nilibaki nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka fundi akaniambia kwa adabu kwamba kuna mteja anataka kukaa.

Tangu siku hiyo hatusemi. Hakunitangaza kwa watu, na hilo linanichoma zaidi, maana wote wanaendelea kuniuliza hali ya shoga yangu. Tukikutana shughulini ananisalimia kama unavyomsalimia jirani wa mtu. Nimemwandikia, hajibu. Nimetuma watu wazima, wamerudi wakasema niache.

Nikaona angalau nirekebishe lile neno moja. Sauti sina, lakini maana aliyoisema naijua. Nikaingia, nikafuta ile kamba mbovu, nikaandika makumbi yaliyofukuliwa kabla ya wakati. Sikumaliza hata kikombe cha chai, ikarudishwa ya kitabuni. Aliyerudisha ni msimamizi ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe, kijana wa Bara mwenye adabu zake. Sababu aliyoandika ni ile ile yangu, neno kwa neno, kwa sababu niliiweka kwenye mwongozo wa wasimamizi wapya.

Nikamwandikia kwamba nimelisikia kwa masikio yangu. Akanijibu kwa heshima kwamba hana shaka na masikio yangu, ila mimi ndiye niliyemfundisha kwamba masikio si ushahidi. Nikaomba kanuni ibadilishwe. Nikaandika kurasa, nikaeleza kwamba kamusi si ensaiklopidia, kwamba huku neno likisemwa na wenyewe ndio ushahidi wenyewe, na kitabu ni mtu mmoja tu aliyewahi kuwasikiliza, vizuri au vibaya. Maneno ya Zuwena yote, nimeyaiba barazani. Wakapiga kura. Wakasema kanuni ndiyo iliyotupa heshima, na sasa hata walimu wanatutegemea. Nilishindwa kwenye kura ya kuiondoa kanuni niliyoitunga kwa wivu.

Nilidhani adhabu imeishia hapo. Juzi nilikutana na binti mkubwa wa Zuwena, ametoka shule, yuko dukani ananunua daftari. Mtoto hajui lolote kati yangu na mama yake. Akanipa shikamoo kwa furaha, akaniita khaloo, yaani mama mdogo, kama zamani. Kisha akakumbuka kitu.

"Khaloo, kwani bibi alikuwa hajui?" akauliza. "Yeye akitwambia ni makumbi mabichi. Nimeangalia kwenye simu, wameandika kamba."

Nikamwambia bibi yake ndiye aliyesema kweli, kamusi imekosea. Alinitazama kwa huruma, kama anayemwona mtu mzima anajaribu kumfariji kwa uongo. Akanionesha simu yake.

"Lakini wameshaweka tiki."

Nyinyi mnaokusanya maneno ya watu, kwa kamusi au kwa kitu chochote, nawasihi. Mkimpata anayelisema neno, mrekodini, na msiweke sauti yake mahali pamoja tu. Msimdai kitabu mtu ambaye vitabu ndivyo vilivyopaswa kwenda kwake. Na mkikabidhiwa uwezo wa kufuta, kabla hamjabonyeza jiulizeni mnamfuta nani na kwa nini, na mjijibu kweli. Mimi nilijua jibu, nikabonyeza.

Jina lililo chini ya ile tiki ni langu, na yule mtoto alikuwa ameshika simu karibu kabisa na uso wangu. Hakulisoma. Akaniaga, akaenda kwao.